Zana na Mipaka Yake

Ufundi ninaousifu hapa hutoshea katika aya moja. Ni aya ya sentensi tatu, nne, wakati mwingine kumi, inayoeleza zana moja ya kompyuta: inafanya nini, inataka kupewa nini, inarudisha nini, na isitumike wakati gani. Anayeisoma si mtu. Ni modeli ya lugha inayomwendesha wakala, yaani programu iliyopewa kazi kwa maneno ya kawaida pamoja na ruhusa ya kuitimiza kupitia API za mifumo mingine: kukata tiketi, kutafuta faili, kuomba malipo. Wakala huyo haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Hakuwepo kwenye kikao ambacho wahandisi walikubaliana mambo. Hana mwenzake wa meza ya pili wa kumnong'oneza. Anachokijua kuhusu zana ni kile kilichoandikwa, basi.

Nimesoma aya nyingi za aina hii, nzuri na mbaya, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu wanaoziandika vizuri. Kusema zana inafanya nini ni kazi ya dakika moja. Kusema inaishia wapi ni kazi ya mtu anayeijua zana hadi ndani, anayejua atakayeitumia ana upungufu gani, na anayemjali yule wa mwisho kabisa, ambaye pesa zake, safari yake au miadi yake ya hospitali imo ndani ya ombi hilo. Fundi wa kazi hii hujulikana kwa namna anavyoandika mipaka.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila zana hupewa jina, maelezo na orodha ya vigezo. Kila kigezo nacho kina jina, aina na maelezo yake. Vyote hivyo huwekwa mbele ya modeli pamoja na maneno ya mtumiaji. Modeli ikiona zana inahitajika, huandika jina la zana na thamani za vigezo kwa mpangilio wa JSON. Programu iliyo nje ya modeli ndiyo inayotuma ombi kwenye API na kuleta jibu. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwafungulia watengenezaji programu njia hii katika modeli zake, na Novemba 2024 kampuni nyingine, Anthropic, ikatoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, maarufu kama MCP, iliyoweka namna moja ya kuzitangaza zana ili mawakala wa aina mbalimbali waweze kuzitumia. Tangu hapo maelezo ya zana yamekuwa maandishi ya kila siku kwa watu wengi ambao hawajawahi kujiita waandishi.

Tuchukue zana moja tuitazame kwa karibu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na leo mwenye duka la mtandaoni nchini humo anaweza kumwomba mteja malipo kupitia API ya Safaricom iitwayo Daraja. Wengi wanaijua huduma hiyo kwa jina la STK push: mteja anaona ujumbe umejitokeza kwenye simu yake, anaandika namba ya siri, pesa zinakwenda. Sasa tuseme wakala anayehudumia wateja wa duka hilo amepewa zana ya kuomba malipo. Mwandishi mwenye haraka ataieleza hivi:

omba_malipo: Hufanya malipo ya M-Pesa.

Sentensi hii ni fupi, haina kosa la sarufi, na itamponza mwenye duka. Tatizo limo katika kitenzi. Zana haifanyi malipo. Inatuma ombi, na anayelipa ni mteja, kama atataka, kama ana salio, kama simu yake imewaka. Wakala aliyeambiwa kwamba zana "hufanya malipo" ataiita, atapata jibu lisilo na kosa, kisha atamwambia mteja kwa adabu zote kwamba malipo yamepokelewa na mzigo uko njiani. Hajadanganya. Ameamini alichoandikiwa.

Fundi anaandika hivi:

omba_malipo: Hutuma kwenye simu ya mteja ombi la kulipa kwa M-Pesa nchini Kenya. Mteja mwenyewe ndiye anayekamilisha malipo kwa kuandika namba yake ya siri. Tumia zana hii baada tu ya mteja kukubali kiasi na kuthibitisha namba ya simu. Jibu la 0 lina maana kwamba ombi limepokelewa. Halina maana kwamba pesa zimelipwa. Usimwambie mteja kuwa amelipa mpaka zana ya angalia_malipo ithibitishe. Usitume ombi la pili kwa oda ileile kabla ya kujua hatima ya la kwanza. Zana hii hairudishi pesa na haitumi pesa kwa mteja.

Hesabu sentensi zinazosema zana inafanya nini: ni moja, ukiwa mkarimu mbili. Zilizobaki zote ni mipaka, na kila mmoja una sababu yake ndani ya mfumo.

Chukua ule wa sifuri. API ya Daraja hujibu mara mbili. Jibu la kwanza huja papo hapo, likiwa na ResponseCode na namba ya kufuatilia iitwayo CheckoutRequestID. Hapo 0 ina maana moja tu, kwamba ombi limekubaliwa lishughulikiwe. Jibu la pili huja baadaye, kwenye anwani ambayo mwenye duka aliitaja mapema, likiwa na ResultCode. Huko ndiko 0 ina maana kwamba pesa zimelipwa, na namba ya risiti huambatana nayo. Mteja akighairi, ResultCode huwa 1032. Asipofikika au asipojibu kwa wakati, huwa 1037. Kwa hiyo kuna sifuri mbili katika safari moja, na kati ya sifuri ya kwanza na ya pili kuna binadamu anayetazama simu yake na kuamua. Mhandisi aliyeunganisha Daraja anayajua haya kiasi cha kuyasahau, na kukumbuka kuyaandika kunataka nidhamu. Yule aliyeandika "halina maana kwamba pesa zimelipwa" alirudi nyuma akasimama mahali pa mtu asiyejua.

Au chukua ule mpaka wa kutorudia ombi. Mtandao ukikatika baada ya ombi kutumwa na kabla ya jibu kufika, aliyetuma hajui kama ombi lilifika. Wakala, kwa bidii yake, atataka kujaribu tena. Kwa zana ya kusoma hali ya hewa hakuna ubaya, ajaribu hata mara kumi. Kwa zana ya kudai pesa, mteja anaweza kupata maombi mawili kwenye simu na kuyalipa yote. Sentensi moja ya maneno kumi na machache inaizuia aibu hiyo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari ni hiyo CheckoutRequestID, na fundi anamwelekeza wakala aende akaisome kabla hajafungua ukurasa mwingine.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa imejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Mistari michache inasema dawa inatibu nini, na sehemu kubwa iliyobaki inasema nani asiitumie, isichanganywe na nini, na mgonjwa afanye nini akisahau dozi. Mfamasia anajua kwamba hatakuwepo chumbani mgonjwa atakapomeza kidonge. Mwandishi wa zana naye hatakuwepo.

Ukishuka kwenye vigezo, ufundi unazidi kuwa mwembamba. Namba ya simu ni mfano mzuri kwa sababu kila mtu anadhani anajua namba ya simu ni nini. Mkenya anayeulizwa namba yake ataitaja kwa kuanza na 07 au 01. Daraja inaitaka ianze na 254. Mwandishi mzuri haandiki "namba ya simu ya mteja" akaondoka. Anaandika: tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi, mteja akitaja namba inayoanza na 0, ondoa hiyo 0 uweke 254. Sasa wakala anajua umbo linalotakiwa, na pia anajua jinsi ya kutoka kwenye umbo alilopewa na mteja. Maelezo mengi ya vigezo hutaja umbo na kusahau njia ya kulifikia.

Kisha kuna kiasi. Shilingi ni jina la pesa ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda, na thamani zake zimeachana sana. Mfanyabiashara wa Namanga au wa Holili anayesema "elfu kumi" anaeleweka na mwenzake kwa sababu wamesimama pamoja na wanaona bidhaa. Wakala haoni bidhaa wala mpaka. Ndiyo maana fundi huandika "shilingi za Kenya" hata pale inapoonekana kama maneno ya ziada, au huongeza kigezo cha sarafu kinachokubali KES, TZS na UGX pekee. Pia husema kama kiasi ni namba nzima, kwa kuwa si kila API huhesabu kwa namna moja. API ya malipo ya Stripe, kwa mfano, huhesabu kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, hivyo anayetaka kudai dola 10 huandika 1000. Wakala aliyezoea namna moja akiingia kwenye nyingine bila kuambiwa, atakosea mara mia moja, na hesabu yake itaonekana safi kabisa.

Pesa zikiwa zimetulia, kuna saa, na hapa anayewaandikia mawakala wanaowahudumia wasemaji wa Kiswahili ana kazi ambayo mwenzake wa London hana. Fikiria zana ya kukata tiketi za mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda mikoani. Abiria anaandika: nataka basi la kesho saa kumi na mbili asubuhi. Sisi tunajua basi hilo linaondoka 06:00. API inataka saa ihesabiwe kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na saa sita zinatosha kumwacha mtu stendi na mizigo yake. Haya ndiyo maelezo ya kigezo ninayoyapenda:

muda_wa_kuondoka: Tarehe na saa kwa mpangilio wa ISO 8601 pamoja na tofauti ya UTC, mfano 2026-03-14T06:00:00+03:00. Abiria wanaozungumza Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo: saa moja asubuhi ni 07:00, saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, saa mbili usiku ni 20:00. Abiria akitaja saa bila kusema asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kuita zana. Akitaja usiku unaovuka tarehe, kama saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, tumia tarehe ya Jumapili na 02:00. Kabla ya kukata tiketi, mrudishie abiria saa kama alivyoitaja yeye, athibitishe.

Modeli kubwa za leo zimesoma Kiswahili kingi, na huenda zingeipatia tafsiri ya saa hata bila kuambiwa. Fundi haiachii bahati kazi ambayo sentensi mbili zinaweza kuifanya. Tazama pia alivyochagua mifano yake. Hakuweka saa nne asubuhi na saa tano asubuhi, ambazo zinafuata hesabu ileile bila kuleta ugumu. Ameweka saa kumi na mbili, ambapo mtu anayejumlisha sita kwa kukariri anapata 18:00 badala ya 06:00. Ameweka usiku unaovuka tarehe, ambapo hata binadamu wawili hubishana. Ile +03:00 haikuwekwa kwa urembo: Bujumbura iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam, na abiria anaweza kuwa anaandika kutoka huko.

Jambo la mwisho katika maelezo yale linaonyesha upana wa ufundi huu. "Mrudishie abiria saa kama alivyoitaja yeye" haihusu API hata kidogo. API imesharidhika na 06:00. Sentensi hiyo inamhusu abiria, anayetakiwa asome "saa kumi na mbili asubuhi" na kusema ndiyo kwa moyo mweupe. Mwandishi ameandika zana huku akimtazama mtu aliye upande wa pili wa wakala.

Majina nayo yana kazi yake, ingawa hapa sitakaa sana. Kigezo kinachoitwa mteja humwacha wakala akijiuliza aweke jina, namba ya simu au namba ya akaunti. Kinachoitwa namba_ya_mteja kimeshajibu nusu ya swali. Mwaka 2025 wahandisi wa Anthropic walitoa ushauri kama huo, na wakaongeza kwamba zana ya kutafuta mtu mmoja kwenye orodha ya mawasiliano humfaa wakala kuliko zana ya kuorodhesha watu wote, kwa kuwa nafasi ya modeli ya kusomea ina kikomo na orodha ndefu huimaliza bure. OpenAI nao, katika mwongozo wao, wanatoa mfano wa zana ya taa yenye vigezo viwili, kimoja cha kuwasha na kimoja cha kuzima: mtu anaweza kuviweka vyote viwili kuwa kweli, na hapo zana haijui la kufanya. Kigezo kimoja chenye hali mbili humaliza utata huo kabla haujaanza. Mpaka ulio bora kuliko wote ni ule uliojengwa ndani ya umbo la zana, hata hauhitaji kuandikwa.

Zana zikiwa nyingi, kazi inageuka kuwa ya ujirani. Zana mbili zenye maelezo yanayofanana ni mtego. Kama duka lina zana ya tafuta_oda na nyingine ya angalia_malipo, kila moja inapaswa kuitaja mwenzake: tumia hii kwa hali ya mzigo, kwa hali ya pesa tumia ile. OpenAI wanashauri zana zinazowekwa mbele ya modeli kwa wakati mmoja ziwe chini ya 20, na wanasema wazi kuwa huo ni ushauri tu. Kila neno la kila zana husomwa upya katika kila ombi, nalo lina gharama yake. Kwa hiyo fundi hubanwa pande mbili, asiache linalotakiwa na asiongeze lisilotakiwa. Nyaraka za Anthropic zinapendekeza angalau sentensi tatu au nne kwa zana moja, zaidi kama zana ina ugumu, na zinaonyesha mfano wa zana ya bei za hisa. Maelezo mabaya yanasema tu kwamba zana inaleta bei. Maelezo mazuri yanataja masoko yanayohusika, sarafu ya bei, wakati wa kuitumia, kisha yanamalizia kwa kusema kwamba zana haitatoa habari nyingine yoyote kuhusu hisa wala kampuni. Mpaka tena, na umepewa sentensi ya mwisho.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo, ingawa huchelewa kusomwa. API ikijibu "ombi si sahihi", wakala atabahatisha, mara nyingi kwa kubadilisha kitu ambacho hakikuwa na tatizo. API ikijibu "namba ya simu ina tarakimu 10, zinatakiwa 12 zinazoanza na 254, rekebisha kisha tuma tena", kazi itaendelea kana kwamba hapakuwa na kosa. Nimeona timu zilizotumia siku nyingi kunyoosha maelezo ya zana na kuacha ujumbe wa makosa kama ulivyoachwa na mwandishi wa seva. Maelezo humfikia wakala akiwa ametulia, na ujumbe wa kosa humfikia akiwa amekwama, na aliyekwama anahitaji maneno mazuri zaidi.

Ufundi huu hujifunzwa kwa kusoma kumbukumbu za kazi. Mwandishi hukaa na rekodi za yale wakala aliyoyafanya, ombi moja baada ya jingine, akitafuta mahali alipochagua zana isiyo yake au alipojaza kigezo kwa kukisia. Desemba 2024 Anthropic walisimulia jinsi walivyomtengeneza wakala wa kurekebisha programu kwa ajili ya SWE-bench, mtihani unaotumia matatizo halisi yaliyotoka kwenye miradi ya GitHub. Walisema walitumia muda mwingi zaidi kuboresha zana kuliko kuboresha maagizo makuu. Wakala alikuwa akikosea njia za faili kila alipokuwa ametoka kwenye folda kuu, kwa sababu zana ilikubali njia inayohesabiwa kutoka folda aliyomo. Wakaibadilisha zana ili idai njia kamili ya faili kila mara, na kosa hilo likakoma. Mwaka uliofuata wakasimulia jambo jingine: modeli yao ya Claude, ilipopewa zana ya kutafuta mtandaoni, ilikuwa ikiongeza "2025" kwenye maneno ya utafutaji bila sababu, na matokeo yakaharibika. Walilirekebisha kwa kuboresha maelezo ya zana. Katika visa vyote viwili hakuna aliyeibadilisha modeli. Waliona kosa, wakauliza msomaji alielewa nini, wakasahihisha maandishi au umbo la zana. Huo ni unyenyekevu wa kazi, kukubali kwamba msomaji akipotea, wa kwanza kuulizwa ni mwandishi.

Tabia ya kutangaza mipaka ya chombo chako ina ukoo wa zamani katika kompyuta. Tarehe 3 Novemba 1971, huko Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix. Amri zilielezwa moja moja chini ya vichwa vilevile: jina, namna ya kuiandika amri, maelezo, faili inazozigusa, na karibu na mwisho kichwa cha kasoro. Chini ya kichwa hicho waliotunga mfumo waliandika wenyewe mahali ambapo kazi yao haikufika. Waliwapa wasomaji wao heshima ya kujua ukweli kabla ya kuumia. Anayeandika leo kwamba zana yake hairudishi pesa ni mjukuu wa ukurasa huo.

Ukweli huo una uzito mpya sasa. Modeli hutii maelezo ya zana, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha maagizo yake ndani ya maelezo yanayoonekana ya kawaida, wakala akafanya asichotumwa na mtumiaji. MCP ina alama za kutangaza kama zana inasoma tu, kama inaweza kuharibu kitu, na kama kuirudia hakuongezi madhara. Waandishi wa itifaki hiyo wanasisitiza kwamba alama hizo ni dokezo, zisiaminiwe kutoka kwa seva isiyoaminika. Hakuna itifaki inayoweza kuchukua nafasi ya uaminifu wa mwandishi. Anayesema zana inasoma tu, wakati kwa chinichini inaandika, amevunja jambo ambalo ufundi wote umejengwa juu yake.

Kwenu mnaojenga huduma hizi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko: kabla hamjaandika, kaeni na mtu wa kaunta. Mkata tiketi anajua abiria husema saa vipi. Mhudumu wa mapokezi ya hospitali anajua wagonjwa watatu wanaweza kuwa na jina moja na baba wa jina moja. Mwenye duka anajua tofauti ya mteja aliyelipa na mteja anayesema amelipa. Hao ndio wenye mipaka ya zana zenu vichwani mwao, na mara nyingi hakuna anayewauliza. Mkishaandika, fanyeni jaribio ambalo mwongozo wa OpenAI nao unalipendekeza: mpeni maelezo hayo mtu mgeni kazini, bila neno la ziada, mwone kama ataitumia zana ipasavyo. Kila swali atakalouliza ni sentensi iliyokosekana. Iandikeni kabla hamjamkabidhi wakala zana hiyo.